Kaseti

Mimi ni mtu wa zama za kaseti. Ujanani nilikuwa na kasha la viatu limejaa kaseti za taarabu, na kalamu maalumu ya kuzungushia utepe ukilegea. Kwa hiyo dadangu aliponipigia simu kutoka Oslo kunieleza habari za gari walilokodi, kwamba lina vitanda, jiko, friji na kaseti, nilifurahi kupita kiasi. Nikamwambia mke wangu, unaona, wenzetu hawatupi vitu. Nikachagua kaseti nne, nikazifunga ndani ya kikoi zisivunjike, nikazitia kwenye begi la mkononi.

Kaseti hizo nne zimezunguka Norway, Ufini na Uswidi, kilomita 5,143 kwa mujibu wa mita ya gari, na sasa ziko hapa mezani kwa dadangu, hazijaimba hata ubeti mmoja. Gari tumelirudisha leo asubuhi, siku ya ishirini na sita.

Kaseti, kwa lugha ya watu wa magari hayo, ni tangi la choo.

Nieleze vizuri, maana mimi sikuelezwa. Chini ya kiti cha choo kuna dumu bapa la plastiki, linalotolewa kwa nje kupitia kidirisha kilichoko ubavuni mwa gari. Lina mkono wa kuvutia na magurudumu mawili madogo, kama sanduku la safari, na ukimwona mtu analivuta kwa mbali utadhani anawahi ndege. Linachukua lita 18 hivi. Likijaa, kitaa chekundu kinawaka, na hapo mmoja wenu inambidi alivute mpaka kwenye shimo la kumwagia, alimwage, alisuuze, alitie dawa ya buluu, alirudishe, kisha aingie garini na uso wa mtu aliyetoka kununua mkate.

Aliyelibuni dumu hilo alikuwa na hesabu zake. Watu wawili, siku mbili tatu, hakuna wasiwasi. Lakini alihesabu watu wa karatasi. Sisi tulikuwa wanne, wote wa pwani: mimi na mke wangu kutoka Mombasa, dadangu, na shemeji, ambaye ni mtu wa Tanga. Kitu cha kwanza alichokipanga mke wangu ndani ya gari lile, kabla ya sufuria, kilikuwa kopo. Nani atasafiri siku ishirini na sita bila kopo? Sasa piga hesabu mwenyewe. Mtu mwenye haraka humaliza nusu lita ya maji, na shemeji hajawahi kuwa na haraka maishani mwake. Kitaa kiliwaka jioni ya siku ya kwanza, hata Trondheim hatujaiona.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe ningelishukuru. Siku ya tatu nakunywa chai yangu, shemeji akaniwekea glavu mezani, za mpira, rangi ya manjano. Akasema tutapeana zamu. Zamu yangu ilianza siku hiyo na imekwisha leo.

Tangu hapo mke wangu akaacha kunisabahi. Kila nikifumbua macho, badala ya kuniuliza nimeamkaje, nasikia sauti kutoka kitanda cha nyuma: “Imejaa?” Nami nachungulia kile kitaa na kujibu.

Shemeji ana neno lake kwa kila jambo. Ni dereva wa basi mjini Oslo, mwaka wa kumi na tisa sasa, nami nikadhani kwa upande wa usukani tumepata mwenyewe. Tulipotoka tu mjini akasimamisha gari kando. “Shemeji,” akaniambia, “mimi usukani naushika mwaka mzima. Hii ni likizo.” Akavua viatu, akahamia kiti cha pembeni, akajigeuza mkaguzi.

Kwetu tunaendesha upande wa kushoto. Kule ni kulia, gia unaitafuta kwa mkono ambao siku zote kazi yake ilikuwa kufungua dirisha, na gari lenyewe lina urefu wa mita saba. Wenyewe wanaliita bobil: bo ni kuishi, bil ni gari. Tulipoukaribia mzunguko wa kwanza wa barabara, shemeji, kwa mazoea ya Tanga, akapiga ukelele: “Kipilefti hiyo!” Nikatii. Nikashika lefti. Mama mmoja wa Kinorway aliyekuwa anakuja kutoka upande wa pili alisimama, akanitazama, akangoja nirudi kinyumenyume, na wala hakupiga honi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angepiga honi ningejua tumegombana, yakaisha.

Watu wakikushawishi kuhusu magari haya hukwambia ni uhuru, unalala unapopenda. Dadangu alinieleza kwamba Norway ina sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu haki ya kutembea porini na kupiga hema, mradi awe mita 150 kutoka nyumba ya mtu. Aliisoma kama aya. Nzuri sana, lakini sheria haimwagi kaseti. Mwenye kaseti iliyojaa halali anapopenda, analala karibu na shimo. Mwenyewe nimeona maporomoko ya maji yanayodondoka kutoka mawinguni, nimeona milima ya theluji imesimama ndani ya bahari, sikatai. Ila ukitaka nikuelekeze Norway, nitakuelekeza kwa mashimo yake. Lile tulilolikuta Bodø lilikuwa na mfereji wenye nguvu, raha tupu.

Na ni huko mashimoni nilikopata rafiki. Mzee mmoja wa Kijerumani, mstaafu kwa mwendo wake, tulikutana naye mara nne katika miji minne, kila mmoja na kaseti yake. Hatukuulizana majina. Yeye hunyanyua mkono wenye glavu, nami nanyanyua wangu. Mara ya nne akanishika bega, akanionyesha kitufe kidogo cha kupitisha hewa: ukikibonyeza huku unamwaga, maji yanatoka taratibu, hayakurukii. Siku kumi na moja nilikuwa narukiwa, na waliokuwa nami garini wakiniona tu na kusogea.

Saa ndiyo iliyonitia wazimu.

Tulivuka mstari wa Aktiki kwenye uwanda wa Saltfjellet, theluji imelala kando ya njia mwezi wa Juni, na kuanzia huko jua likakataa kuzama. Nilijua nitakosa usingizi. Sikujua nitakosa saa. Saa yetu Waswahili imefungwa kwenye jua: likishachomoza tunaanza kuhesabu moja, likishazama tunaanza tena moja. Saa za Mzungu ni namba tu, unaweza kuzipeleka popote. Sasa jua lisilochomoza kwa kuwa halikuzama, saa moja yake ni ipi? Kila siku mazungumzo yalikuwa yale yale.

“Saa ngapi?” dadangu anauliza.

“Saa sita.”

“Ya mchana au ya usiku?”

Nasogeza pazia. Jua limewaka, ndege wanapiga kelele, na jirani wa kambini yuko nje na mashine anakata majani. “Wallahi sijui,” nasema.

Sala nayo ilikuwa na shughuli yake. Wanavyuoni walishalifikiria jambo hili: wapo wanaofuata saa za mji wa karibu ambako jua linazama, wapo wanaofuata za Makka. Mimi nikachagua Oslo. Shemeji akachagua Makka. Tukawa watu wawili ndani ya gari moja tunasali magharibi mbili, na kila mmoja anamruka mwenzake kwenda kutawadha kwenye kisinki kilichotosha mkono mmoja.

Usiku, au chochote kile kilichokuwa badala yake, mke wangu na wifi yake walilala kwenye kitanda kipana cha nyuma. Mimi na shemeji tulipewa kile kilichoko juu ya kichwa cha dereva. Kutoka puani hadi darini ni shubiri mbili. Kwa siku ishirini na sita nimekuwa nikiamka kwa paji la uso kwanza.

Lofoten nilitaka kuikasirikia, nikashindwa. Kivuko kutoka Bodø kilituteremsha Moskenes, na ukienda mbele kidogo upande wa kusini barabara inaishia kwenye kijiji kinachoitwa Å. Herufi moja, basi. Nadhani aliyekipa jina alihisi baridi akafunga mdomo. Samaki wao wanaitwa torsk, na wanamkausha kwa upepo mtupu, bila chumvi, juu ya vichanja vya miti, tangu Februari mpaka Mei. Wengi walikuwa wameshateremshwa, lakini tulikuta vichwa, vimetungwa kwa mafungu, vinangoja safari ya Nigeria, ambako ndiko vina wenyewe. Mke wangu alishuka garini, akavuta pumzi, akafumba macho. “Ng’onda,” akasema. Sikuwahi kumwona amefurahi hivyo tangu tuondoke nyumbani. Akanunua torsk wakavu watatu, akawaweka chini ya meza, na tangu hapo gari zima likawa la Kisauni.

Shabaha ya safari ilikuwa Nordkapp, kule ambako kila mtu anasema ndiko Ulaya inakoishia. Kisiwa chake unakifikia kwa handaki lililopita chini ya bahari, karibu kilomita saba, mpaka mita 212 chini ya usawa wa maji. Linateremka, linateremka, halafu linapanda. Kwenye mteremko tulisikia kitu kizito kimehama kule nyuma, na sote wanne tukanyamaza tukikisikiliza. Hakuna aliyetaja jina lake.

Juu kuna jabali la mita 307, uzio, tufe kubwa la chuma, na watu wanapanga foleni kupigwa picha chini ya tufe. Nilisoma habari za waliotangulia. Mwingereza Richard Chancellor na wenzake waliipa rasi ile jina mwaka 1553 walipokuwa wakipita kutafuta njia ya bahari ya kwenda Uchina. Padri wa Kiitalia, Francesco Negri, alifika mwaka 1664, kutembea tu. Mwaka 1907 akaja Chulalongkorn, mfalme wa Siam, na jina lake lilichongwa kwenye jiwe. Huyu mfalme nilimfikiria sana. Ametoka mbali kuliko sisi, kwa meli, na njiani kote kuna mtu alikuwa akimmwagia.

Tulisimama kwenye uzio saa sita ya usiku, nilihakikisha kwenye simu. Jua lilikuwa limekaa juu ya bahari kama mkate wa sinia, halipandi, halishuki. Upepo unakata masikio. Nikampa shemeji simu anipige picha. Nikasema, alhamdulillahi, tumefika mwisho.

Shemeji akapiga picha. Akairudisha simu. Kisha akakohoa kidogo.

“Ule ulimi wa jiwe pale magharibi,” akasema, “unaitwa Knivskjellodden. Umetushinda kwa upande wa kaskazini, kama kilomita moja na nusu. Mwisho hasa ni ule.”

“Unafikiwaje?”

“Kwa miguu. Kwenda na kurudi kilomita kumi na nane.”

Nikautazama. Umelala chini, mnyenyekevu, hauna tufe wala uzio.

“Na isitoshe,” akaendelea, “hapa ni kisiwani. Mwisho wa bara uko kwingine kabisa.”

“Jamani,” dadangu akaingilia, “si mmwache mtu afike?”

Siku kumi na saba mtu huyu alikaa kiti cha pembeni bila viatu, ananihesabia magari yaliyopanga foleni nyuma yetu, na maneno hayo anayo. Akayatunza mpaka nimeshapigwa picha.

Mwisho wa dunia una kasoro moja: gari ni la watu na linatakiwa Oslo. Tukageuza. Huko juu njia ni ya kulungu wale wa baridi, wenye pembe kama matawi. Wote wana wenyewe, Wasami, na alama zao wamekatwa masikioni, na wanajua kabisa wana wenyewe, kwa hiyo wanasimama katikati ya lami kama mbuzi wa mwenyekiti. Huwezi kuwafokea. Unazima injini, unangoja mkutano wao uishe.

Ufini ilinipa jambo moja jema. Wakati wa kiangazi saa zake zinalingana na za Afrika Mashariki. Kwa siku mbili nilipompigia mama Mombasa, saa yangu na yake zilikuwa moja, ingawa yeye taa kawasha na mimi nimevaa miwani ya jua. Jambo baya ni mbu. Nilidhani nawajua mbu. Wale wa Lapland wanakuja kama moshi, na hawana malaria, maana yake wanakuuma bila sababu. Wetu walau ana mzigo anakuletea.

Uswidi ni miti. Siku tatu. Nimemaliza.

Jana, usiku wa mwisho, tuliegesha nje kidogo ya Oslo, na hapo njia yote ikaanza kutudai. Kwanza chupa. Kule chupa tupu ni pesa: Norway, ukiitia kwenye mashine ya dukani unarudishiwa kroni mbili au tatu. Mke wangu hakutupa chupa hata moja tangu siku ya kwanza. Zilikuwa chini ya meza, ndani ya kabati la nguo, nyingine nimezilalia. Tukazibeba kwenye mashuka mpaka dukani. Mashine ikazimeza za Norway, ya kwanza ya Ufini ikaitema. Ya Uswidi, ikaitema. Kila nchi inalipia chupa zake tu. Mke wangu akaibembeleza, akaifuta ile chupa kwa leso, akaitia tena kwa kisogo. Nilimwacha akibishana na mashine kwa Kiswahili, na kwa jinsi alivyokuwa akiieleza nilianza kuamini itabadili msimamo.

Kisha usafi. Mkataba unataka gari lirudi limefagiwa, matangi yote matupu, mafuta yamejaa, na mwenye kukosea kipengele anatozwa kroni ambazo ukizigeuza shilingi unaomba kukaa kitako. Wanawake wakaishambulia harufu ya torsk kwa siki na ndimu; ikatoka ya samaki mkavu, ikaja ya samaki wa kupaka. Mimi nilifagia mchanga wa Lofoten. Chini ya kiti cha dereva nikaokota kikombe cha shemeji, ambacho tangu Narvik nilikuwa nikiapa kakipoteza mwenyewe. Nikakiosha, nikakirudisha kabatini, sikusema kitu.

Asubuhi tukaingia uwanjani kwa wenye gari. Akatoka kijana na tableti yake, akalizunguka gari kama daktari anayetafuta pa kuchoma sindano. Akapanda juu ya paa. Akalala chali chini. Akanusa hewa ya ndani, akanitazama, nikatazama kwingine. Kisha akafungua kile kidirisha cha ubavuni na kuivuta kaseti.

Moyo ulinidunda. Niliimwaga saa kumi na moja alfajiri, nikaisuuza mara saba, ya saba ni ya moyo wangu tu.

Akafungua kifuniko, akamulika tochi. Akainamisha kichwa. Kisha akamwita mwenzake. Mwenzake akaja naye akamulika, wakazungumza kwa Kinorway kwa sauti ya chini.

“Wanasemaje?” nikamuuliza shemeji.

“Anasema toka aanze kazi hajaona kaseti imerudi hivi. Anauliza ulitumia dawa gani.”

“Mwambie kopo,” nikasema.

Nina shahada mbili, na nimeandika kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakuna mtu aliyewahi kumwita mwenzake aje kuitazama kazi yangu.

Pale langoni palikuwa na familia nyingine inangoja gari hilo hilo: baba, mama, watoto watatu wamekalia masanduku. Baba ana ramani, ana kofia mpya, anacheka na kila mtu. Nilimwendea, nikamkabidhi glavu. Nikajaribu kumwelekeza kwa ishara kile kitufe cha hewa. Akanishukuru sana, hakuelewa hata kidogo. Ataelewa.

Huku Oslo jua limezama. Limezama saa tano kasorobo ya usiku, lakini limezama, sitaki kulibana. Nimelala kitanda chenye miguu minne, dari iko mbali kama ya msikiti. Katikati ya usiku nikaamka kwenda chooni, nikabonyeza, nikasimama nikiyatazama maji yanavyokwenda zao, hayanihitaji.

Niliporudi kitandani mke wangu aligeuka, macho amefumba.

“Imejaa?”

“Bado,” nikamwambia, nikajifunika.